Kabla hujakaza kaseti, pitisha ukucha

Mkuu, weka spana chini kwanza. Umesema umenunua ringi mpya ya nyuma ya baiskeli Kariakoo, habu yake (kile kitovu cha katikati) ni ya gia 11 za baiskeli za barabarani, unataka kuivalisha kaseti yako ya zamani ya gia 9, yaani lile fungu la gia za nyuma, na muuzaji kakwambia "zinaingia bila shida". Na mimi niliambiwa hivyohivyo. Zinaingia kweli! Ndiyo balaa lenyewe.

Mifereji ya ngoma ya habu, pale kaseti inapovaa, ni ileile ya kampuni ya Shimano. Kaseti inateleza ndani vizuri kabisa. Lakini ngoma ya gia 11 za barabarani ni ndefu kwa milimita 1.85 kuliko ile ya 8, 9 au 10. Usipotanguliza washa, yaani pete nyembamba, ya unene huo nyuma ya kaseti, nati ya kuifungia inafika mwisho wa uzi kabla haijaibana kaseti. Unakaza mpaka mishipa inakutoka shingoni, kumbe umeikaza ngoma, kaseti inacheza.

Ringi yangu ilikuja na hiyo washa kwenye boksi. Fundi akaitupa mbele ya macho yangu, eti ni ya kulinda habu wakati wa kusafirisha. Nikamwamini, ana nywele nyeupe na kibanda cha miaka mingi. Gia zikaanza kuruka siku ileile. Nikamrudishia. Badala ya kushika kaseti aitikise, akashika bisibisi akalegeza skrubu inayozuia mkono wa gia, ule wa nyuma unaohamisha mnyororo, usiende upande wa spoku. Akaniambia, "Sasa itapanda mpaka gia kubwa." Ikapanda, na ikapitiliza.

Ilikuwa Morogoro Road, napandisha Kimara, saa moja asubuhi, daladala nyuma yangu linapiga honi. Nikaweka gia nyepesi kabisa, ile kubwa ya nyuma. Nikasikia krak! Mkono wa gia ukaingia kwenye spoku, ukazungushwa, ukang'oka na sikio la fremu linaloushikilia. Spoku nne zikakatika. Nilisimama ghafla na daladala likanikwepa kwa kiasi cha mkono mmoja. Wanaotaka kucheka wacheke, lakini siku ile mimi nilikaa chini kwenye mtaro na miguu ikakataa kusimama.

Nilipoifungua nyumbani, ngoma ilikuwa imetafunwa. Ni ya alumini, na meno ya ndani ya gia za chuma zinazocheza yalikuwa yameichimba mashimo kila mfereji. Ringi ya wiki mbili! Fundi alipoona akasema nimepakia mzigo. Mzigo gani? Begi lenye chakula cha mchana? Kinachoniuma zaidi ya pesa ni kwamba nilimuuliza kuhusu ile washa, akaninyamazisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Tanguliza washa ya 1.85, valisha kaseti yote, halafu kabla ya nati weka ukucha kwenye mdomo wa ngoma uuvute kwenda nje kuelekea gia ndogo. Ukigonga ukuta wa gia, maana yake gia imesimama juu kidogo kuliko mdomo: hapo kaza. Ukucha ukiteleza ukashuka, mdomo ndio uliozidi, usikaze hata kidogo. Kuna kaseti za gia 10 zinazotaka na washa nyingine ya milimita 1, ukucha utakuonyesha hilo pia. Nati ikianza kubana vizuri utasikia krr-krr-krr. Yangu ilikaza kimya na sikujua ukimya ule una maana gani. Nati nyingi zimechorwa 40 N.m, kipimo cha nguvu ya kukazia, yaani ni kukaza kwa nguvu hasa. Ukimaliza, shika gia kubwa kwa vidole vyote uitikise upande kwa upande. Ikicheza, fungua.

Uliuliza na habari za grisi: paka kidogo kwenye ngoma, basi. Nenda kaangalie sasa hivi kama ile washa bado iko kwenye boksi, uniambie ukucha umegonga au umeteleza.