Mlangilangi umerefuka, maua hayafikiki: kata kilele, usiung'oe

Mleta mada, umesema mlangilangi wako, mti wa maua ya manukato (ylang-ylang), umelipita paa, maua huyafikii, unayookota chini hayanukii, na fundi wa bustani kakushauri uung'oe. Tafadhali usiung'oe. Mti huo hauumwi, ndivyo ulivyoumbwa.

Kwao ni misitu ya Indonesia, Malaysia na Ufilipino, na huko mwituni hupita mita 20, majani mabichi mwaka mzima. Ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope, ingawa ua lake halifanani nao kwa sura: petali sita nyembamba, ndefu, zinazoning'inia.

Ndugu zetu wa Komoro, ambao mafuta yao ya langilangi hununuliwa na watengeneza manukato wa Ufaransa, hawauachi urefuke. Hukata kilele mti ungali mchanga, kwenye mita 2 hivi, kisha huyainamisha matawi yatambae kwa upana ili mchumaji asimame chini. Nasi nyumbani Unguja tumeyalea ya kwetu hivyo hivyo, na hata watoto wanachuma.

Wako umeshakomaa, kwa hiyo ushushe kidogo kidogo. Anza mvua zinapoanza, ubakishe matawi ya chini yenye majani, na ungoje machipukizi kabla ya kukata tena. Tumia ngazi, usimpandishe mtu, maana matawi yake hukatika upesi mno. Wazo la kuuhamisha liache kabisa, mzizi wake mkuu huzama mbali.

Kuhusu harufu, hapa wengi hukosea. Ua huchanua likiwa kijani, na wakati huo halina harufu ya maana. Hukaa wiki 2 hadi 3 likigeuka rangi. Chuma lililokuwa njano tupu, lenye doa jekundu ndani kwenye kitako cha petali, tena alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Lililoanguka na kupigwa na jua la mchana limeshapoteza utamu wake, ndiyo maana ya kuokota hayakufai. Ya alfajiri ndiyo tunayotia kwenye kikuba, kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, pamoja na asumini na mrehani, au tunayaloweka katika mafuta ya nazi ya nywele. Indonesia nako humwagwa kwenye kitanda cha maharusi.

Kabla hujashika msumeno, weka picha ya shina lote hapa nikuonyeshe matawi ya kubakiza.