Visu viwili ukiwa peke yako kwenye Hardcore? Mkuu, simama hapo hapo

Mkuu, usifanye hivyo. Salamu za mbukwenyi tutapeana baadaye, kwanza shusha hicho kisu cha mkono wa kulia.

Kwa wanaopita hapa bila kusoma swali: ndugu yetu yuko Dodoma kama mimi, ameanza Rogue, yule mpiganaji wa kuvizia, kwenye seva ya Hardcore (ukifa mara moja umekwisha) ya mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft Classic, ni wa jamii ya Human, yuko levo 8. Anauliza kama intaneti ya simu ya hapa mjini inatosha, kama aanze upya na Dwarf, achukue ufundi gani, na pointi za vipaji aziweke wapi. Katikati ya hayo yote ametupia sentensi moja kama vile si kitu: mtu wa gildi yake (kikundi chake cha wachezaji) amemwambia akifika levo 10, akishafundishwa kushika silaha mbili, ashike visu viwili, kwa sababu Backstab ndilo pigo zito la Rogue.

Hiyo sentensi ndiyo imenikalisha kuandika usiku huu. Hayo mengine yatasubiri.

Sheria ni moja, iandike ubandike juu ya kioo cha laptop: ukiwa peke yako, silaha yako isikulazimishe kusimama nyuma ya adui. Basi. Ukiielewa hiyo, nusu ya vifo vya Rogue wachanga havitakuhusu.

Nakufafanulia, kwa sababu mimi sikufafanuliwa. Backstab inataka mambo mawili: kisu mkono wa kulia, na wewe uwe mgongoni mwa adui. Sasa niambie, ukiwa msituni peke yako na mbwa mwitu, huyo mbwa mwitu anamtazama nani? Anakutazama wewe. Hana mwingine wa kumtazama. Kwenye redi, yaani uvamizi wa kundi la watu 40, mambo ni tofauti kabisa. Ni kama kuchinja ng'ombe: kuna mtu ameshika pembe, wewe uko huku nyuma unafanya kazi yako kwa raha. Tanki, yule anayevuta adui wamtazame yeye, ndiye ameshika pembe. Peke yako, pembe zote zimeelekea tumboni kwako.

Watakwambia tumia Gouge. Unamfinya adui anaduwaa sekunde 4, unamzunguka, unampiga Backstab. Inasikika vizuri sana. Chukua kalamu tupige hesabu. Nishati yako, inayolipia kila pigo, ni 100, na inarudi 20 kila sekunde 2, si zaidi. Ukifika levo 18 unapata Ambush, pigo la kufungulia ukiwa mafichoni, na mwenye visu lazima atafungua nayo: inakula 60. Umebaki na 40. Gouge inataka 45, kwa hiyo unasubiri, unachapwa, nishati inapanda 60, unabonyeza Gouge, unabaki na 15. Adui ameduwaa. Ndani ya zile sekunde 4 nishati inaingia mara mbili: 35, kisha 55. Backstab inataka ngapi? 60.

Umeona? Umepungukiwa 5. Uko mgongoni kwa adui, kisu mkononi, unabonyeza na hakitoki kitu, halafu anageuka. Ili ifanye kazi lazima usubiri uchapwe sekunde 2 nyingine kabla ya Gouge, au uwe umeweka pointi kwenye kipaji cha kurefusha Gouge hadi sekunde 5.5. Na Gouge inavunjika kwa pigo lolote. Sumu yako mwenyewe uliyoipaka kwenye kisu, kama bado inamla, inamwamsha.

Sasa angalia mwenye upanga. Sinister Strike, pigo la kawaida la Rogue, inakula 45, haijali umesimama mbele, pembeni wala wapi. Una 100: unapiga, 55. Unapiga tena, 10. Sekunde 4 baadaye una 50, unapiga ya tatu. Pigo tatu na pointi tatu za kombo (za kulipia pigo la kumalizia) wakati yule wa visu bado anahangaika kutafuta mgongo. Na kwa kuwa Sinister Strike inachukua uzito wa silaha ya mkono wa kulia na kuongezea juu yake, unataka upanga au rungu la mwendo wa polepole, lile lenye namba kubwa ya pigo moja. Kisu ni chepesi na cha haraka, ndiyo maana Sinister Strike ya kisu haiumi. Kisu hakijakatazwa moja kwa moja. Kiweke mkono wa kushoto, huko wepesi wake unasaidia kupaka sumu mara nyingi, ukishapata sumu levo 20.

Hayo ndiyo mahesabu. Sasa nikwambie yalinigharimu nini, maana najua hesabu peke yake haimzuii mtu mwenye hamu ya Ambush.

Rogue wangu wa kwanza wa Hardcore nilimlea kwa visu, kwa ushauri wa ofisa mmoja wa gildi niliyokuwamo wakati ule. Alifika eneo la Duskwood salama, na kusema kweli nilimpenda. Nilikuwa natafuta miguu ya buibui kwa ajili ya mpishi wa mji wa Darkshire. Wale buibui wakubwa wa sumu, unawajua au utawajua. Nikafungua na Ambush, ikatoka vizuri. Nikasubiri nishati, nikabonyeza Gouge, nikaanza kumzunguka kutafuta mgongo.

Hapo kwenye kuzunguka ndipo penye kaburi. Duskwood ni giza, miti imesongamana, na buibui wametawanyika. Hatua zile tatu nne za kwenda nyuma zilinipeleka moja kwa moja kwenye eneo la buibui wa pili. Ningekuwa na upanga nisingesogea hata kidogo, ningebaki pale pale nilipofungulia. Wa pili akanirukia kabla sijapiga Backstab hata moja. Wa kwanza akazinduka. Nikawasha Evasion, ile ya kukwepa mapigo, ikanisaidia kidogo, lakini sumu ilikuwa imeshaniingia. Damu inashuka, nikasema haya, Rogue ana Vanish ya kupotea ghafla, nilikuwa na Flash Powder, unga wake, begini, nikabonyeza.

Nikapotea. Buibui wakaacha kunipiga. Nikaona kijivuli changu, nikaanza kutembea kuelekea barabarani, moyo unarudi mahali pake. Kisha sumu ikanigonga. Kwenye Classic, Vanish haiondoi sumu wala kutokwa damu, na kila sumu inapokugonga inakutoa mafichoni. Nikaonekana hapo hapo, katikati yao wote wawili, na Vanish ikiwa na dakika 5 za kusubiri. Sprint, zile mbio za ghafla, nilikuwa nimeitumia kufika pale haraka. Basi.

Kwenye Hardcore hakuna kufufuka. Hizi seva rasmi zilifunguliwa Agosti 2023 na sharti lake ni hilo: ukifa, safari ya huyo mhusika kwenye seva hiyo imekwisha. Unaweza kumhamishia seva ya kawaida, lakini aliyecheza Hardcore anajua kwamba huko si kuishi. Jioni zangu zote za miezi ile, baada ya kazi, mpaka bando linakwisha, zilizikwa pale chini ya mti.

Nikarudi kwa yule ofisa. Nikamweleza. Unajua alinijibu nini? Kwamba mikono yangu ni mizito. Ndugu zangu, huyu mtu alikuwa na Rogue wa levo 60, ana visu vya redi, ana tanki mbele yake kila siku, ana Druid au Paladin anayemfuta sumu kabla hajajua ameipata. Namba alizonionyesha zilikuwa za kweli, zilitoka kwenye redi. Alichukua ukweli wa watu 40 akampa mtu mmoja aliye msituni. Na alipoulizwa hakuwa na ujasiri wa kusema "nilikushauri vibaya". Hilo ndilo linaniuma mpaka leo kuliko hata yule Rogue. Mtu mwenye uzoefu akishauri mgeni anatakiwa aulize kwanza: unacheza na nani? Swali moja tu. Huyo rafiki yako naye hajakuuliza, nimesoma ulichoandika mara mbili, hakuna mahali amekuuliza. Sina hakika ana nia mbaya, lakini nia njema haitakufufua.

Sasa fanya hivi. Rogue wa Human anaanza na ujuzi wa visu, upanga lazima ujifunze kwa mwalimu wa silaha. Nenda Stormwind, mtafute Woo Ping, mlipe akufundishe upanga wa mkono mmoja. Nenda mapema, leo hii, usisubiri levo 20. Sababu yake ni kwamba ujuzi mpya wa silaha unaanza 1, na kikomo chake ni levo yako mara 5. Ukiwa levo 8 una safari ya kutoka 1 hadi 40, unaimaliza kwa kupiga nguruwe pori. Ukichelewa hadi levo 20 una safari ya hadi 100, na njia nzima unakosa mapigo huku adui wa levo yako wakikutafuna. Nimeona watu wanaelewa kosa la visu, wanahamia upanga wakiwa Duskwood kwenyewe, wanakufa kwa kukosakosa. Tena wewe ni Human, una nyongeza ya ujuzi wa upanga na rungu tangu kuzaliwa. Mtu mwenye zawadi hiyo akishika visu viwili anaitupa shimoni.

Na usidhani ukiacha visu umeacha kuvizia. Levo 26 utapata Cheap Shot, inatoka mafichoni, inamduwaza adui sekunde 4, inakupa pointi mbili za kombo, na haiulizi una silaha gani wala umesimama upande gani.

Umeuliza intaneti. Inatosha, nacheza kwa hotspoti ya simu huku Nkuhungu na maisha yanaenda. Seva za Ulaya ziko mbali, kwa hiyo kitu unachokiona kwenye kioo kimeshapita kidogo. Na nani anaumia zaidi na huko kuchelewa? Mwenye visu! Wewe unajiona uko mgongoni, seva inasema uko mbele, maandishi mekundu yanatokea, adui anageuka. Kwa upanga hilo halikuhusu kabisa, pigo linatoka tu. Hii nayo jamaa wa gildi aliye Ulaya hawezi kuijua, yeye akibonyeza kitu kinatokea papo hapo. Jambo jingine: laptop iwe na betri nzima na simu iwe na chaji kabla hujatoka mjini kwenda kupigana, maana umeme ukikatika na laini ikadondoka, mhusika wako anabaki amesimama pale kwa muda anachapwa na wewe unatazama kioo cheusi.

Dwarf ana Stoneform, inafuta sumu, magonjwa na kutokwa damu, sekunde 8. Ndiyo, ingeniokoa siku ile. Lakini usianze upya kwa ajili hiyo. Baki na Human wako, jifunze Huduma ya Kwanza, na ujuzi wake ukifika 80 tengeneza Anti-Venom kwa vifuko vya sumu vya buibui hao hao. Inatibu sumu za hadi levo 25, inatosha kwa buibui wale. Uwe nayo begini na uitumie kwanza, ndipo ubonyeze Vanish. Kwanza sumu itoke, kisha upotee. Ukigeuza mpangilio huo umekwisha.

Vipaji viweke upande wa Combat, kuanzia ile ya kupunguza gharama ya Sinister Strike. Itashuka kutoka 45 hadi 40 na utaisikia tofauti siku hiyo hiyo. Watu wengine hapa watakueleza mti mzima, mimi naona nimeandika sana na kesho kuna kazi.

Ila nijibu hili moja: huo mwezi uliolipia umebakiwa na siku ngapi, na saa ngapi huwa uko mtandaoni? Nina Rogue mwingine sasa hivi, wa upanga, yuko Westfall. Ukitoka kwa Woo Ping njoo tusafiri pamoja mpaka ujuzi wako wa upanga ujae.