Maswali Yenu: Nani Aliyeshika Mkasi?

Swali: Nilinyolewa na kinyozi, nikaandika “I cut my hair”. Mwalimu kasema nimekosea. Kwa nini? Na je, “Had I known” ni swali?

Jibu: Ndugu msomaji, mwalimu wako yuko sahihi: sentensi hiyo inaeleweka kwamba ulijinyoa mwenyewe. Kazi ikifanywa na mwingine, anza na “have”, kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu: “I had my hair cut.” Chunga sana mpangilio. “I had cut my hair” ni wakati uliopita timilifu, na mkasi umerudi mkononi mwako.

Ukimtaja mtendaji, kitenzi hubaki katika umbo la msingi, bila “to”: “I had the tailor shorten my trousers.” Wengi huichomeka “to” kwa kuwa “get” huidai: “I got the tailor to shorten them.”

“Had I known, I would have come” si swali. “If” imeondolewa, “had” ikatangulia mtenda. Maana ni “ningalijua, ningalikuja”. Katika ukanushi andika “Had I not seen”, kamwe si “Hadn’t I seen”.