Kumfundisha mtoto kumkatalia mkubwa

Karatasi ilikuwa imechanwa kwenye daftari la hisabati na kukunjwa mara nne. Ndani, mtoto wa darasa la tano aliandika: "Mwalimu, mkubwa akikuita chumbani kwake akutume, ukikataa ni dhambi?"

Nina miaka 14 kwenye ualimu wa shule ya msingi, yote mkoani Tanga, na swali hilo ndilo lililobadili namna ninavyofundisha mambo ya afya, mwili na maisha. Zamani nilifundisha nilivyozoea: nawa mikono, kata kucha, usifuatane na mtu usiyemjua. Yote ni kweli. Ila anayemwita mtoto chumbani mara nyingi anajulikana vizuri sana. Ni mtu ambaye mtoto huyo humwamkia shikamoo kila asubuhi.

Kwetu mtoto mwenye adabu akitumwa anakwenda. Anaitika "abee" au "naam" kabla hajajua anaitiwa nini. Mimi nimelelewa hivyo, wanangu nimewalea hivyo, na sitaki malezi hayo yapotee. Lakini tunampa mtoto utii bila kumwonyesha unapoishia, kisha darasani tunamwambia akiguswa vibaya apige kelele. Mtoto aliyezoeshwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa hapigi kelele. Anaganda.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, ukishawaambia watoto wakatae, wape na maneno ya kukatalia, tena yawe ya adabu, maana hayo ndiyo watakayothubutu kuyatamka. Sisi tuliyatunga pamoja darasani. "Shikamoo baba. Mama kasema nisubiri hapahapa nje." "Samahani mjomba, hilo siwezi." "Ngoja nikamwite dada kwanza." Kisha tukaigiza, mimi nikiwa mkubwa anayeita.

Siku ya kwanza nilisikitika. Darasa lina wanafunzi 78, na karibu wote walinong'ona maneno yale huku wakisogea mbele, wakija kwangu. Mdomo unakataa, miguu inatii. Tulirudia kwa wiki tatu, dakika kumi kumi mwisho wa kipindi, tukabadili mpangilio: kwanza hatua mbili nyuma, ndipo useme. Miguu ikishatangulia, na sauti inatoka.

Wataanza kukupima, na ni haki yao. Mmoja aliniuliza kama sasa anaweza kukataa kuosha vyombo. Nikawaambia vyombo wataosha, maji watachota. Mambo ya kuyakataa ni haya: mkubwa anapotaka mlango ufungwe mkiwa wawili, anapotaka kugusa au kuonyeshwa sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani, au anapotaka wewe umguse zake, na anaposema usimwambie mama. Kuhusu siri nilitumia mfano wa nguo ya Idi. Mama akikuomba usimwambie mdogo wako kwamba amenunuliwa nguo mpya, siri hiyo ina siku ya kufunguliwa. Siri isiyo na siku ya kufunguliwa ipelekwe kwa mtu mzima unayemwamini, na asipokusikia, kwa mwingine.

Wiki ya nne alikuja mzazi, amekasirika, akisema nawafundisha watoto ujeuri. Sikubishana naye, maana kosa lilikuwa langu: nilianza bila kuwaita wazazi. Tukaitisha kikao. Nikawasomea maneno yale ya watoto jinsi yalivyo, shikamoo ikiwa mbele. Aliyenisaidia zaidi ni bibi mmoja ambaye amekuwa somo, yaani kungwi, wa wasichana wengi wa mtaa ule. Alisema wao waliwaambia wasichana wasipakatwe hovyo na wanaume tangu wakiwa wadogo sana, kabla ya unyago kufikiriwa, na kwamba watoto wa kiume ndio waliosahauliwa. Tangu siku hiyo naanza kila mwaka na kikao cha wazazi, na ninawaalika mabibi.

Majina ya mwili yafundishe waziwazi: uke, uume, matiti, makalio. Watoto watacheka siku mbili, kisha wataacha. Mtoto ambaye nyumbani amepewa jina la mzaha tu, siku akitaka kusema kilichompata, anayemsikiliza anaweza asimwelewe.

Kuhusu hedhi, nilikosea mwaka wa kwanza kwa kuwatoa wavulana wakacheze mpira. Walirudi na maneno ya kuudhi kuliko waliyokuwa nayo. Sasa nawafundisha wote pamoja nini kinatokea mwilini, halafu nabaki na wasichana kwa mambo ya vitendo: pedi ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, isifichwe chini ya godoro. Ofisini nina kanga mbili, sabuni na pakiti ya pedi. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi iliondolewa mwaka 2018 ikarudishwa 2019, na kwa mama anayeuza maandazi bei hiyo bado ni nzito. Mwalimu asisubiri mtoto aombe.

Sanduku la maswali lina siri yake. Ni boksi la sabuni nililolitoboa tundu. Mwanzoni halikuingia kitu, kwa sababu kila aliyesimama kwenda kutumbukiza alitazamwa na darasa zima. Sasa kila Jumatano wote wanaandika, na asiye na swali anaandika alichokula jana. Hakuna anayejua nani ameuliza. Nasoma nyumbani, najibu Ijumaa kwa maneno yangu mwenyewe, kwani watoto wanajuana hata kwa namna ya kuandika.

Ukifungua sanduku, ujue ipo siku litaingia jambo ambalo si swali. Mimi lilinikuta kabla sijajiandaa. Nilimwita mtoto, nikamwahidi sitamwambia mtu, kisha nikawaita wazazi kwanza. Yakamalizwa kifamilia. Mtoto akahamishiwa kwa ndugu mkoa mwingine na sikumwona tena. Bado linaniuma.

Usiahidi kutunza siri. Mwambie umefanya vizuri kusema, si kosa lako, na nitawaeleza watu wa kutusaidia. Usimhoji mara mbili mbili. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Mweleze mwalimu mkuu, lipeleke suala kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe serikali za mitaa, kwa hiyo anayekuambia unaingilia ya watu, mjibu hivyo.

Kuna pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Tuliiandika kwanza ubaoni nje ya ofisi, na sikuona mtoto yeyote akisimama hapo. Sasa iko kwa rangi ya bluu kwenye kuta za vyoo, upande wa ndani wa kila mlango, ambako mtoto anaweza kuisoma bila mtu kumwona anaisoma.