Asubuhi umeloweka nini? Vyakula vya jioni vilivyotulea Muheza

Nilikulia Muheza, mkoani Tanga, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, mama alikuwa na shamba lake dogo la mihogo, kunde na minazi michache. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, madukani hakukuwa na kitu. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, vyote vilikuwa vya mgao. Siku ya mgao watu walipanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe. Sembe nayo ikipatikana, mara nyingi ilikuwa ule unga wa njano wa msaada tuliouita Yanga, na sisi watoto tulinuna tukiuona tu kwenye ungo. Lakini sikumbuki usiku niliolala na njaa.

Mama aliwezaje? Swali hilo lilinijia mwaka mume wangu aliposimamishwa kazi, tukiwa watu saba nyumbani hapa Temeke: sisi wawili, watoto wanne na mama mkwe. Nilikuwa na mazoea ya kupitia sokoni jioni nikitoka kazini. Nusu kilo ya nyama, nyanya, vitunguu, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo. Kila siku hivyo hivyo, na wiki ya pili hela imekwisha. Nikampigia mama nikilia. Nilitegemea anipe mapishi. Akaniuliza swali moja: "Asubuhi umeloweka nini, mwanangu?"

Sikuwa nimeloweka kitu. Na hapo ndipo hela yangu ilipokuwa ikipotelea. Mtu anayeanza kuwaza chakula saa kumi na mbili jioni hana budi kununua kinachoiva haraka, na kinachoiva haraka ndicho ghali. Choroko, kunde, maharage na mahindi ya makande ni rahisi kwa bei, ila vinataka kukumbukwa mapema.

Nilianza na mseto, kwa sababu ndicho chakula nilichokipenda zaidi utotoni. Kwa watu saba natumia vikombe vitatu vya mchele na kikombe kimoja na nusu cha choroko. Choroko nazichambua na kuziloweka asubuhi kabla sijatoka. Jioni nazichemsha mpaka zianze kupasuka, kisha natia mchele uliooshwa, chumvi, kitunguu kimoja na tui la pili, lile jepesi. Maji yakikaribia kukauka namimina tui zito, nakoroga mara moja tu, nafunika na kupunguza moto kabisa. Mama alikuwa akipalia: anaweka makaa juu ya mfuniko na kubakisha machache chini. Kwenye gesi washa moto mdogo kuliko wote na usifunuefunue. Mseto unatakiwa uwe laini, ushikane kidogo, lakini usiwe uji.

Pembeni mama aliweka ng'onda, yaani samaki mkavu. Kipande kimoja tu kwa nyumba nzima! Alikichoma mpaka kikatoa harufu iliyofika kwa jirani, akakichambua miiba, akakipondaponda na kitunguu, pilipili na ndimu. Kila mtu alipata kijiko kimoja, na kijiko kile kilitosha kushushia sahani nzima. Nyumba nyingi siku hizi tunafanya kinyume, tunapanga chakula kwa kuanzia nyama halafu tunalalamika nyama haitoshi. Kwa mama, samaki alikuwa wa kutia ladha. Shibe ilitoka kwenye choroko.

Kisamvu ndicho kilichonipa taabu. Mara ya kwanza nilikitwanga nusunusu na kukichemsha kwenye sufuria iliyofunikwa ili kiive upesi. Shangazi yangu alikuwa amekuja kututembelea, akafunua ule mfuniko na kuutupa kando kwa hasira. Majani ya muhogo yana sumu, akaniambia, na sumu hiyo inataka itwangwe, ichemshwe, itoke na mvuke. Kwa hiyo twanga mpaka majani yalainike kabisa, au nunua kilichosagwa tayari sokoni, kisha kichemshe wazi kwa maji mengi, saa nzima hivi, mpaka ule ukali wa harufu uishe. Baada ya hapo ndipo unatia kitunguu, nyanya moja na tui. Nazi ikiwa ghali, kama ilivyo Dar miezi mingi, tumia karanga zilizotwangwa. Kikombe kimoja cha karanga kinatosha sufuria ya watu saba, wala huhitaji tone la mafuta.

Nyumbani tulikila kwa bada, ugali wa muhogo. Mama alitwanga makopa, vile vipande vya muhogo mkavu, akachekecha, na unga ukiwa mchache aliuchanganya na ule wa Yanga mpaka tukasahau kununa. Wanangu bada tupu waliikataa kwa vile inateleza. Nikawachanganyia nusu sembe, nusu muhogo, na hiyo wanakula mpaka leo. Unga wa muhogo nunua kwa mtu unayemwamini, kwa sababu muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri unadhuru.

Najua utauliza kuhusu mkaa na gesi. Maharage yanakula moto, ni kweli. Mimi nachemsha kilo nzima Jumamosi, yakiwa yamelala kwenye maji usiku kucha. Yakichemka kwa nguvu nusu saa, naifunika sufuria vizuri, naizungushia kanga mbili na blanketi kuukuu, naitumbukiza kwenye kapu na kuiacha hapo kwa muda wa saa tatu. Nikifungua mvuke bado unapanda, na maharage yamelainika au yamebakisha kidogo sana. Nayapa moto wa mwisho, nayagawa mafungu matatu. La kwanza tunaliunga kwa nazi jioni hiyo hiyo, mengine yanaingia kwenye friji. Kama huna friji, pika yatakayoisha siku ile, usihatarishe matumbo ya watoto.

Si kila cha zamani nimekirudisha. Kuna majuma tulikunywa chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha tukaenda kulala, na mama mwenyewe anasema hakufurahia, hakuwa na njia. Ikikulazimu kufanya hivyo, ongeza japo dagaa. Wakaange kwenye sufuria kavu mpaka wakauke, kisha kitunguu, nyanya na ndimu. Mtoto anamla dagaa mzima na mifupa yake, na hiyo mifupa inamjenga.

Mume wangu alipata kazi nyingine baada ya miezi saba. Nyama imerudi Jumapili, lakini Jumanne imebaki ya mseto, na nikichelewa kuloweka choroko mtoto wa mwisho ndiye anayenikumbusha. Anachokitaka yeye ni ukoko. Ukibanduka mzima chini ya sufuria, wenye rangi ya kahawia na harufu ya nazi, naukata vipande vinne kwa kisu, maana nikiwaachia wenyewe wanagombana.