Kisu cha kambi kwa mtoto wa miaka 11

Dada, umeuliza umnunulie mwanao kisu gani cha kambi ya skauti ya kiangazi huko Marekani. Waulize kwanza wenye kambi, maana skauti hutakiwa apate kadi ya Totin' Chip, inayoonyesha amefundishwa kutumia kisu kwa usalama, ndipo abebe kisu. Wakikubali, mimi ningechukua kisu cha kukunja cha Opinel, namba 7 ya watoto: ubapa wa sentimita 8, ncha ya mviringo, na pete ya kuzungusha inayozuia kisu kisimkunjikie vidoleni. Hiyo pete ndiyo muhimu kuliko yote. Kisu kikubwa cha kuning'iniza kiunoni achana nacho. Na kiwe kikali! Butu humlazimisha mtoto kukandamiza, kikateleza kikamkata. Aanze nyumbani kuchonga kijiti, makali yakielekea mbali na mwili, nawe ukae naye karibu.