Mji Mkongwe kwa miguu na watoto na bibi: anzieni Darajani

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha kuuzunguka Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa miguu ukiwa na watoto wadogo na bibi yao. Inatosha, ila pangeni kwa jua. Anzieni sokoni Darajani saa mbili asubuhi, joto halijapanda. Mkunazini ni karibu tu: kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Vyumba vya chini ya ardhi hapo vina dari fupi mno, mtu mzima huinama. Bibi abaki juu kivulini.

Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani. Vichochoro ni vyembamba, na vespa hutokeza kwenye kona bila honi, kwa hiyo mtoto atembee upande wa ukuta. Bibi akichoka, akae barazani, hakuna atakayemuuliza.

Saa sita hadi tisa pumzikeni. Alasiri ingieni Ngome Kongwe. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, litazameni kwa nje, sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Magharibi ikiingia, nendeni bustani ya Forodhani, panapouzwa vyakula usiku. Ulizeni bei kabla ya kuagiza, na urojo (supu nzito ya Zanzibar) wa watoto usitiwe pilipili. Pweza aliyekaa mezani tangu jioni, mwacheni.